Keria ya Baiskeli ya Faustina

"Ing'oe," Faustina alisema. "Mama, nakuomba, ing'oe kabla sijaanza kulia."

"Lia. Machozi hayafungui nati."

Alikuwa amesimama mlangoni pa stoo yetu, Kihesa, bado amevaa gauni la kanisani, ameshika usukani wa baiskeli yake kwa mkono mmoja kama mtu aliyemkamata mbuzi wa jirani katikati ya mahindi. Nyuma ya siti kulikuwa na keria ya chuma, pana, ya aina ile inayobeba gunia zima la mkaa kutoka Nduli bila kulalamika. Chini kulikuwa na stendi ya miguu miwili. Juu ya usukani, kengele.

"Na kengele," alisema. Akaigonga kwa kidole gumba. Iliita vizuri. "Kengele ya nini sasa? Niwapigie nyani?"

"Nyani nao wana haki ya kujua kuna mtu anakuja."

"Nani kafanya hii?"

"Kalinga."

"Kalinga yule wa baiskeli za mkaa?"

"Umeshasikia keria aliyoifunga yeye imeanguka?"

Akainama kukagua. Mwanangu akikagua kitu hukunja uso kama baba yake. Alipitisha kidole pale keria ilipokutana na fremu, akitafuta mchubuko. Hakuupata.

"Hii ni alumini, mama. Angechomelea tu, baiskeli ingekuwa imekufa."

"Alitaka kuchomelea. Nilimkataza. Nilimwambia afunge kwa nati, na chini ya kila bana aweke kipande cha tyubu ili fremu isikwaruzwe. Mimi nina stashahada ya ugavi, Faustina. Natunza stoo ya shule nzima. Baiskeli yako moja ndiyo initoe jasho?"

Hakucheka. Mara nyingine hucheka hapo.

Nieleze jambo lenyewe, kwa sababu bila kulielewa mtu atadhani tuligombana kwa ajili ya chuma. Faustina anafanya kazi Mbeya, kwenye kampuni ya parachichi, anapima udongo. Baiskeli hii aliinunua kwa mshahara wake wa mwanzo, mtumba uliotoka kwenye kontena, ina gia nyingi, breki za diski na shokapu mbele. Aliinunua akiwa na kibarua hapa Iringa, kabla hajapata kazi ile, na alipohama aliiacha stoo kwa sababu chumba alichopanga kule kilikuwa kidogo kuliko stoo yenyewe. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili alirudi. Ijumaa jioni alishuka kwenye basi, Jumamosi asubuhi alivaa ile kaptula yake yenye sponji, helmeti na glovu zisizo na vidole, akaondoka na wenzake kupanda vilima, akarudi magharibi akiwa tope tupu, akala kama mpasua mbao. Jumapili aliondoka. Alikuwa anaijia baiskeli. Mimi nilikuwa naishi palepale ilipo baiskeli. Sikuona ubaya, ilimradi anakuja.

Alhamisi alinipigia simu. Alikuwa amehamia nyumba yenye baraza la kufungwa. Amepata kikundi kule, wanapanda Kawetere, wanakwenda njia ya Chunya, wanazunguka Loleza. Amechoka kuazima baiskeli za watu. "Jumapili naichukua, mama."

Nikasema sawa. Ijumaa nikaikokota hadi kwa Kalinga. Yeye alifika Jumamosi usiku, na stoo hakuifungua mpaka tulipotoka kanisani.

"Umeweka makusudi," alisema sasa, amesimama wima. "Umeona naondoka nayo, ukaona uiharibu ili niiache."

"Kama nia ni kuiharibu ningetumia nyundo. Ni bei rahisi."

"Basi keria ya nini?"

"Mahindi. Mashine ya kusaga iko mbali, na mgongo wangu siyo wa ng'ombe."

"Unampa yule kijana wa toroli mahindi yako tangu nikiwa form two."

"Bei yake imepanda."

"Mama."

"Nini?"

"Nakwenda kukutana na watu kule. Wana baiskeli nyepesi, unainua kwa vidole viwili. Mimi nifike na hiki kitanda?"

"Utawabebea maji. Watakupenda."

Akaweka kiganja juu ya keria ili aitikise. Alikuwa anataka kunionyesha jinsi ilivyo nzito. Kiganja kikazama. Akatazama. Akabonyeza tena, taratibu. Nilikuwa nimekata sponji kutoka kwenye godoro lake la utotoni, nikaishonea kitenge, nikaifunga kwa kamba pande zote nne.

"Mahindi yanakalia sponji?" aliuliza.

Nikaenda kuangalia maharage jikoni. Hayakuwa na shida yoyote.

Kuna mambo ambayo mtu anayebaki nyumbani huyajua bila kuambiwa. Mimi ndiye ninayefua zile nguo. Nikiona udongo mwekundu uliokamata kwenye soksi, najua walikwenda Mgagao. Mchanga mweupe mifukoni ni Isimila. Majani yenye miiba midogo, walikata njia ya Kalenga kwa nyuma. Ninasugua, maji yanabadilika rangi, na mimi nazunguka vilima vyote nikiwa nimeinamia beseni. Wiki asipokuja hakuna cha kufua ila shuka langu. Baba yake, Jofrey, yuko Madibira na mpunga wake; akija ni kuleta gunia la mchele na kulala. Kwa hiyo jioni nyingine hufungua stoo, nikaipaka cheni mafuta ya cherehani, nikabonyeza breki, nikasukuma gurudumu la nyuma kwa mkono ili nisikie ile sauti yake ya tik-tik-tik. Ukiisikia ile sauti nje ya geti unajua mtoto amefika.

Na mezani, akila, huniambia: "Mama, pale juu ukisimama, unaona mpaka basi." Nimemuuliza mara ngapi unaona nini. Husema, "Mpaka basi," na anaongeza mboga.

Nilimbeba huyu. Alipokuwa mdogo tulikuwa na baiskeli nyeusi ya wanaume, nzito kama deni la harusi, na nilimpandisha kwenye keria kila asubuhi kumpeleka chekechea kabla sijaenda kazini. Alikuwa anaweka shavu mgongoni kwangu na kulala. Nilikuwa nikifika na alama ya mate kwenye blauzi. Ile baiskeli iliuzwa, na sikuifikiria tena, mpaka Alhamisi nilipokata simu.

Alinifuata jikoni.

"Ulitaka nikubebe," alisema.

"Funika hilo sufuria, mvuke unatoka."

Akafunika. "Kwa nini usiseme?"

"Kusema nini? Jumamosi unaondoka jua halijatoka, unarudi hujiwezi. Nikuambie wewe mtoto, hebu wenzako wasubiri, mama yako anataka kuzungushwa?"

"Ungesema."

"Nimesema. Nimeweka keria."

Akakaa kwenye kigoda. Nilidhani ataanza sasa kulia kweli, na mimi sina subira na kilio kabla ya chakula. Nikapakua. Tukala. Alipomaliza aliosha sahani bila kutumwa, jambo lililonitia wasiwasi.

"Basi linapita saa ngapi?" niliuliza.

"Saa tisa hivi."

"Na ulipanga kufika vipi stendi na baiskeli?"

"Kuiendesha. Ni mteremko."

Nikaingia chumbani, nikavaa suruali ya trakisuti chini ya gauni, nikachukua pochi. Ndani ya pochi nikatia spana namba kumi, kwa kuwa Kalinga alisema nati mpya hulegea safari ya kwanza. Nilipotoka, Faustina alikuwa ameshabadilisha nguo, begi liko kifuani, ameshika helmeti.

"Vaa," alinipa.

"Wewe ndiye unayeendesha."

"Mama, mimi nimeanguka mara nyingi, najua jinsi ya kuanguka. Wewe hujui. Vaa."

Nikavua kitambaa cha kichwa, nikavaa. Akanifunga kamba chini ya kidevu na kunipiga kofi dogo juu ya helmeti kujaribu. Nikakaa upande, kama mwanamke anavyokaa.

"Hapana. Kaa kama unapanda punda. Hii siyo boda ya kwenda kwenye send-off."

Jirani yetu, Mama Ezron, alikuwa anaanika unga uani kwake. Alituona, akaacha ungo.

"Kamwene, Mama Fau. Safari ya wapi hiyo?"

"Mbeya."

"Kwa baiskeli hiyo?"

"Tukichelewa tutalala Makambako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Bado tulimsikia tulipofika kona.

Mjini tulipita polepole. Watu walitazama, na Faustina aliigonga kengele kwa kila aliyetazama, nadhani kwa kunikomoa. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea Ipogolo, na akaacha kugonga.

"Nishike kiunoni. Nikilala kushoto, lala kushoto. Usipingane na mimi."

"Lini nimepingana na wewe?"

Alicheka, nikausikia mgongo wake ukicheka. Tukashuka. Sikujua kwamba upepo una uzito. Uliingia kwenye mikono ya gauni ukalijaza, ukanitoa machozi, na magurudumu yakawa yanaimba chini yetu. Malori yalikuwa yanapanda upande wa pili yakikoroma, na sisi tulipita kama maji. Nilitaka kuegemeza shavu mgongoni kwake. Helmeti iligonga uti wa mgongo wake, ko.

"Mama, unaniumiza."

"Samahani."

Nikakaa wima. Nilimwangalia tu kisogo. Ana kovu dogo nyuma ya sikio ambalo nililisahau.

Kwenye kona moja alibana breki, akasimama pembeni, akaweka mguu chini.

"Hapa huwa tunasimama," alisema. "Angalia."

Niliangalia. Bonde lilikuwa chini lote, mabati ya nyumba yanang'aa, mto mdogo umejificha kwenye miti yake, na ng'ambo vilima vinafuatana, cha nyuma kikiwa na rangi hafifu kuliko cha mbele, mpaka mahali ambapo hujui tena kama ni kilima au ni wingu. Nimeishi Iringa miaka yangu yote. Nimeshuka barabara hii ndani ya magari, nikiwa nahesabu mizigo.

"Mpaka basi," nilisema.

"Si nilikuambia?"

Tulikaa hapo kidogo. Diski ya nyuma ilikuwa ya moto, ilinukia. Sikusema kitu kingine kwa sababu ningesema kitu kibaya, kwa mfano "baki".

Stendi, Igumbilo, basi lilikuwa limeshafika. Konda alifungua buti, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi na helmeti yangu.

"Mama, hilo lichuma haliingii. Ing'oeni hiyo keria, au muiache."

Faustina alikuwa ameweka mkono juu ya ile sponji.

"Naiacha," alisema.

"Unaacha nini?"

"Baiskeli. Irudi nyumbani. Yule kijana wa toroli anaweza kuifuata. Kule nitaendelea kuazima. Halafu nikija baada ya wiki mbili nakupeleka Kalenga, pole pole, na keria yako. Hakuna neno, mama. Kweli."

Alimaanisha. Mtoto huyu hajui kudanganya, uso wake wote hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Na hayo ndiyo maneno niliyoyataka tangu Alhamisi. Niliyataka nikiwa kwa Kalinga, niliyataka nikishona kile kitenge, niliyataka kanisani wakati Padri anasoma matangazo. Nikaona stoo ikiwa na baiskeli ndani, beseni, soksi nyekundu, sauti ya tik-tik-tik getini Ijumaa jioni. Nikaona pia chumba chake kule Mbeya Jumamosi asubuhi, wenzake wanapita nje wakimwita, naye anatafuta baiskeli ya kuazima, anakosa, anarudi kulala.

"Kawetere ni juu?" niliuliza.

"Ni juu sana."

"Kuna mahali pa kusimama, kama pale?"

"Kuna pazuri kuliko pale."

Nikafungua pochi, nikatoa spana.

"Mama, nimesema naiacha."

"Nimekusikia. Shika hapo, isianguke."

Nati ya kwanza ilikuwa imekaza. Nilipiga goti chini kwenye vumbi la stendi na gauni la kanisani, helmeti kichwani, nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Ikalegea. Konda akaanza kusema dereva anaondoka, nikamwambia dereva naye ana mama yake, asubiri. Nati ya pili, ya tatu. Vipande vya tyubu vikadondoka kama ngozi ya nyoka. Fremu chini yake haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilimwonyesha.

"Naona," alisema.

Ile stendi ya miguu miwili nayo nikaifungua. Nilipoifikia kengele alifunika kwa kiganja.

"Hii iache."

"Wenzako watakucheka."

"Watanicheka."

Nikavua helmeti, nikamvisha, nikamfunga kamba chini ya kidevu, ingawa alikuwa anapanda basi. Konda alilaza baiskeli juu ya magunia ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, akasukuma, akafunga buti. Kengele iliita ndani, mara moja.

Faustina alinikumbatia haraka, helmeti ikanigonga kwenye kipaji cha uso, akapanda. Basi likaondoka.

Nikarudisha spana kwenye pochi. Nikaokota nati zote, hazitupwi. Kisha nikainua keria, nikaiweka begani, upande wa sponji ukiwa shingoni, nikaanza kuupanda mlima.