Sauti ya Kuanikia Nguo

Binti alikuwa anamenya viazi mlangoni. Kaka yake, waliyemwita Sikio, alikuwa chumba cha nyuma na kompyuta. Kazi ya nyumba ile ilikuwa moja: binti anarekodi sauti na kuikata vipande vyembamba, Sikio anavipanga kwenye faili na kuitoa mtandaoni, ili wanamuziki waipige kwenye vinanda vya kompyuta kwa noti yoyote watakayo.

Kitu kikishatolewa sauti yake hivyo, hakilii tena nyumbani. Geti lao lilikuwa kimya tangu mwaka juzi, feni nayo vilevile, na wageni walizoea kupiga simu badala ya kugonga. Ndiyo maana ndugu hao waliahidiana: chenye pumzi hakitolewi.

Mama alipita na ndoo ya nguo. Akafungua kinywa kumwita bintiye kama kila asubuhi, kisitoke kitu. Akajaribu tena, akajishika koo, kisha akaenda zake kuanika, maana nguo mbichi hazisubiri.

Binti aliweka kisu chini. Hakuwa na haja ya kumuuliza Mama ana nini.

"Kaka, umemtoa Mama?"

"Ile sauti yake tu, akiimba anapoanika nguo," Sikio alijibu bila kugeuka. "Si wewe mwenyewe uliyeirekodi?"

"Niliirekodi iwe yangu! Siku akiwa hayupo, niwe nayo."

"Basi sasa ni ya wote. Watu wameipenda, mdogo wangu, hujui tu."

"Ifute."

"Nikifuta yangu, zao zitabaki. Maji yakimwagika hayazoleki."

Kama ni mgeni aliyeiba, binti angemlaani, yakaisha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na huyu walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni, wakibembelezwa na sauti hiyohiyo.

Mchana redio ya fundi cherehani wa jirani ilipiga wimbo mpya. Sauti ya Mama ilipanda juu ambako Mama hajawahi kufika, ikashuka nzito kama ya mwanamume. Mama alisimama na shuka mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa mikono: nani huyo anayeimba vizuri hivyo?

Binti alimtazama kaka yake.

"Msanii mgeni, Mama," Sikio alisema dirishani.

Mama aliridhika, akaendelea kuanika.

Siku hizi akimtaka bintiye humrushia kibanio cha nguo. Kinagonga sakafu karibu na mguu wake, ta, naye huitika, "Abee, Mama." Wamezoea. Hata wakiwa vyumba tofauti, mlio ule humfikia.

Jana Sikio alitoka uani na kinasa sauti, akachuchumaa kando ya Mama. Alisema vibanio vile vinaangukia saruji vizuri mno. Tena havina pumzi, akamkumbusha mdogo wake, kwa hiyo ahadi yao iko palepale.