Hamsini na Tisa

Kwa miaka tisa Mwalimu Kashindye alifundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, vilevile alivyofundishwa na Mwalimu Wenceslaus huko Mikumi. Zidisha namba tasa kuanzia mbili, kisha jumlisha moja. Mbili mara tatu, ongeza moja: saba. Ukiingiza na tano, unapata 31. Ukifika kumi na tatu, unapata 30,031. Zote tasa, alisema, na darasa la saba la shule yake pale Kilosa likaandika.

Ijumaa moja Naanyu, binti wa wafugaji wa Rudewa asiye na kawaida ya kunyoosha mkono, alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaweka daftari mezani.

"Mwalimu, hii 30,031 inagawanyika."

"Kwa ngapi? Gawa kwa mbili, kwa tatu, hadi kumi na tatu, kila mara inabaki moja."

"Hadi kumi na tatu, ndiyo. Mimi niliendelea. Kwa hamsini na tisa haibaki kitu."

Kurasa nne zilijaa mgawanyo wa penseli. Kashindye akachukua chaki, akazidisha ubaoni: 59 mara 509. Jibu likatoka 30,031. Wiki iliyopita alikuwa amemkosesha Naanyu kwenye jaribio kwa kuandika kuwa 30,031 si tasa. Akafungua jaribio lake, akafuta alama ya kosa, akaweka ya vema.

"Jumatatu utawaonyesha wenzako," alisema. "Mimi nitakaa nyuma nisikilize."

Angeweza kumpigia simu Mwalimu Wenceslaus, lakini jambo kama hilo hakuona adabu kumwambia mzee wa watu kwa simu. Jumamosi asubuhi akapanda basi la Mikumi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kashindye. Kwema huko?"

"Kwema. Nimeleta hesabu."

Mzee alivaa miwani, akakataa kikokotoo cha simu, akagawa mwenyewe nyuma ya kalenda ya zamani. Baki ilipotoka sifuri, aliweka penseli chini. Kashindye akatazama sakafu.

"Miaka thelathini na minne nimewadanganya watoto."

"Hukujua, mwalimu."

"Sikugawa. Niliona tano za mwanzo zimekubali, nikaridhika." Akaikuna shingo. "Na inayofuata je?"

Akazidisha upya, safari hii hadi kumi na saba, akajumlisha moja: 510,511. Akaanza kuigawa kwa kumi na tisa. Ikaingia mara 26,869, bila baki.

Alicheka hadi miwani ikateleza puani. "Nayo! Jaribio la kwanza tu! Huyo binti anaitwa nani?"

"Naanyu."

"Mpelekee hii 26,869. Aone kama nayo inavunjika. Mimi naanza sasa hivi, tuone nani atatangulia."

Kashindye, ambaye njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumtuliza, akavuta kigoda, akaomba penseli.