Siku Tatu za Kambale

Kokwijuka alipanda tuta la bwawa kwa magoti na viganja, matope yamemjaa mpaka kwenye mikunjo ya kitenge, na mtu wa kwanza kumkuta kule juu ndiye asiyetaka hata kumsikia. Nolasco alikuwa amekaa chini ya kibanda cha bati, koti la mvua kalifunga mpaka kidevuni, usukani wa lango la maji kaupakata mapajani. Ndiyo, usukani wenyewe! Mwenyekiti huyu wa skimu ya umwagiliaji alikuwa akiuchomoa kila anapoondoka, anakwenda kulala nao nyumbani kwake, maana alimjua vizuri shemeji yake huyu. Kokwijuka alikuwa mjane wa kaka yake mkubwa, na tangu wamzike yule bwana hapakuwa na jambo wawili hao waliloafikiana.

"Fungua," Kokwijuka alisema.

"Salamu hakuna, shemeji? Siku hizi tunaishi kama mbuzi?"

"Salamu utaipata maji yakishashuka. Hii ni mvua kubwa ya pili, na kambale wanangoja. Fungua!"

"Andika barua kwa kamati."

"Nimeandika tatu."

"Basi andika ya nne," Nolasco akasema, akasonya.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji, na ubaya ni kwamba Kokwijuka aliuanza kwa mkono wake mwenyewe. Miaka sita nyuma alikuja mtaalamu, akawakusanya watu wa juu na wa chini ya mto, akawauliza wanataka mto wa namna gani. Wakajibu kwa sauti moja: mto usiokauka kiangazi wala kufurika masika. Maji ya kipimo kimoja, Januari mpaka Desemba. Mtaalamu akasema wanaokubali wanyoshe mikono, na mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Kokwijuka, kwa sababu mwaka ule mafuriko yalikuwa yamembebea mbuzi wawili. Walipiga makofi siku hiyo, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, mpaka jioni. Kumbe walikuwa wanaunywea mto wao matanga!

Bwawa likajengwa, wakapewa walichoomba. Maji ya masika yakawa yanazuiwa juu kwa ajili ya nyanya na kabichi za skimu, ya kiangazi yanaachiwa kidogo kidogo, na mto ukawa unafika magotini siku zote za mwaka. Mwaka wa kwanza watu walifurahi. Wa pili, tope ambalo zamani lilikuwa linasombwa kila masika likatulia chini na kufunika changarawe yote. Wa tatu, mafunjo yakaacha kingo, yakaingia katikati ya mto, maana hakuna tena nguvu ya kuyang'oa. Konokono wakazaana, watoto wakaanza kukojoa damu. Zile nyasi laini za bondeni, ambazo akina mama walikuwa wakizikata kutandika sakafuni nyumba ikipata mgeni, zikafa kwa kukosa kuzama, pakaota magugu ya miiba. Watu wakafyeka miiba, wakapanda maharage. Bonde lote likawa maharage!

Na kambale? Kambale hatagi mtoni. Kambale jike akishiba mayai anangoja mto ufurike, anatoka nao, anapanda bondeni kwenye nyasi zenye maji ya kifundo cha mguu, na humo ndimo anamotaga. Siku ya pili mayai yanaanguliwa, ya tatu vifaranga wanaanza kuogelea kuyafuata maji yanaporudi. Bila mafuriko hakuna bonde, na bila bonde hakuna vifaranga. Kokwijuka alikuwa na mgono wake mtoni, aliorithi kwa mama mkwe, na kwa miaka minne haukuwa umenasa samaki mdogo hata mmoja. Walioingia walikuwa wazee watupu, vichwa vikubwa, miili imekonda, na kila mwaka wanapungua. Alikuwa na uhakika kwamba masika haya ndiyo ya mwisho. Hawa wakifa, mto utabaki wa konokono.

"Siku tatu tu," alimwambia Nolasco. "Ufungue siku tatu, kisha ufunge mpaka Yesu arudi, sitakuuliza."

"Siku tatu bwawa litabaki tope. Nyanya za watu mwezi wa saba nizimwagilie mate? Halafu kule chini kuna maharage. Ya mkweo Vero yako humo humo. Yakisombwa watakuja hapa na mapanga, na watakayemkata ni mimi, si wewe."

"Nani aliwatuma kulima mahali pa maji?"

"Maji hayajafika pale miaka sita!"

"Kwa sababu umeyafungia wewe!"

"Kwa sababu wewe ulinyosha mkono!" Nolasco alisimama, mate yakimruka. "Wa kwanza! Ulidhani nimesahau? Leo unajifanya mama wa samaki!"

Neno lile lilimchoma Kokwijuka, tena pabaya, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alishika fundo la kitenge chake kiunoni kwa mikono miwili.

Nolasco akarudi nyuma hatua moja. Alijua maana yake, kama kila mtu aliyezaliwa upande huu wa Bweranyange anavyojua. Mwanamke mzima aliyekuzaa, au aliye sawa na aliyekuzaa, akikuvulia nguo mchana kwa hasira, umekwisha. Hakuna kanisa litakalokuosha, na watoto wako hawataolewa. Na huyu alikuwa mke wa kaka yake, aliyemwogesha utotoni alipokuja nyumbani kwao akiwa bibi harusi.

"Shemeji, usifanye hivyo," alisema.

"Nahesabu mpaka tano, Nolasco. Moja."

"We mama una wazimu!"

"Mbili. Tatu."

Hakufika nne. Nolasco alikimbilia lango, akachomeka usukani, akauzungusha huku akilaani ukoo mzima na yeye mwenyewe akiwemo. Chuma kililia kwa kutu. Kisha maji yakapenya chini ya lango, mekundu na mazito, yakaongeza sauti mpaka mtu hakuweza kumsikia mwenzake. Kokwijuka akafunga fundo lake vizuri, akamnyang'anya shemeji yake usukani, akaukalia.

"Sasa shikamoo yako naipokea," alisema.

Nolasco aliondoka bila kutoa shikamoo.

Kokwijuka alikaa pale mchana ule, akalala pale pale chini ya bati, na asubuhi bado alikuwa ameukalia usukani, meno yanagongana kwa baridi. Njaa ilimuuma, lakini moyo ulikuwa mweupe kuliko miaka yote sita. Kule chini, alijiambia, maji yamefika bondeni. Majike wamepanda. Na hakuna atakayewagusa, kwa sababu ulikuwepo mwiko, na mwiko huo alikuwa ameukuta alipoolewa. Bonde likijaa, wa ukoo wa mumewe walikuwa wanafunga mafunjo kukatisha kila njia, na fundo lile likishaonekana, haingii mtu majini siku tatu, hata kukata majani ya ng'ombe. Siku ya nne ndipo watu wanashuka na migono, kuvua wanaorudi. Nani asiyejua hilo?

Saa nne asubuhi Nolasco alirudi, matope mpaka kiunoni. Hakusogelea lango. Alisimama mbali, uso umemsawijika.

"Shuka ukaone samaki wako," alisema.

"Thubutu! Nishuke ufunge?"

"Usukani nenda nao. Mimi nakwambia shuka."

"Nakujua wewe tangu una kamasi, Nolasco. Siondoki hapa mpaka kesho kutwa. Toka mbele yangu!"

Nolasco alikwenda kukaa chini ya mkaratusi ulio mwisho wa tuta, akajiinamia. Kokwijuka alimtazama kwa dharau na kuona amemweza.

Adhuhuri akaja Vero, mke wa mwanawe Jovin. Alikuwa amejitwika chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, anacheka peke yake njiani. Kokwijuka alijiandaa kwa matusi, kwa kuwa nusu eka ya maharage ya binti huyu sasa ilikuwa chini ya maji. Lakini Vero alipiga magoti, akamwamkia vizuri, akaweka chungu mbele yake.

"Maharage yako pole, mwanangu," Kokwijuka alisema.

"Aa, maharage yamekwenda, mama, yaende! Jana tulikuwa na hasira, kijiji kizima tulishika mapanga tuje kumkata Nolasco. Kufika bondeni, mama wee! Maharage yanatikisika yenyewe. Kutazama, samaki! Wakubwa hivi, wamejikalia kwenye maji ya kina kifupi, hawakimbii. Tuliwakata kwa mapanga yale yale. Wengine walikuja na vyandarua, wengine na ndoo. Hadi asubuhi hii tulikuwa tunaokota. Watu wanakuombea, mama, wanasema ni wewe uliyetuletea."

Alifunua jani. Mvuke ulipanda, ukiwa na harufu ya ndizi na bizari. Juu ya ndizi yalikuwa yamepangwa mayai ya kambale, mifuko mizima mizima, ya rangi ya kijani iliyokolea, chungu kimejaa mpaka mdomoni.

"Tumekuwekea mayai," Vero alisema kwa fahari. "Wote walikuwa nayo. Wanawake tumekubaliana ya nyumba zetu yote yaje kwako."

Kokwijuka hakunyosha mkono.

"Wamebaki wangapi bondeni?"

"Hajabaki hata mmoja, mama. Tulihakikisha." Kisha Vero akauona uso wa mama mkwe wake, na kicheko kikamwisha. "Mbona huli? Tumekosea nini?"

Matusi yalikuwepo, tena ya kumtosha Vero na ukoo wake wote. Yalimjaa Kokwijuka kinywani. Lakini Vero alitokea Rugu, ameolewa hapa miaka mitano iliyopita, hajawahi kuona tone la maji likivuka kingo za mto ule. Vijana waliokuwa naye bondeni walikuwa watoto wadogo bonde lilipojaa mara ya mwisho. Wazee waliokuwa wakifunga mafunjo njiani wamekufa wote, na bila fundo njiani hata watu wazima hawakuona cha kuwazuia. Aliyebaki kuifanya kazi hiyo alikuwa amekaa juu ya tuta siku nzima na usiku, akimlinda Nolasco.

"Hamkukosea," alisema hatimaye. "Kulikuwa na mwiko. Sikuwaambia."

Alinyanyuka, magoti yakimlia, akaubeba usukani mpaka kwenye mkaratusi na kumtupia Nolasco miguuni.

"Funga."

Nolasco aliuangalia ule usukani. "Niliwapigia kelele," alisema. "Nilisimama majini nikawaambia mwiko, mwiko! Walinicheka. Walisema mwenye bwawa anataka samaki wake."

"Funga, nimesema. Huenda maharage ya mwinukoni yakapona."

Alikwenda, akafunga. Sauti ya maji ilipungua kidogo kidogo mpaka wakaweza kumsikia Vero akilia kimya kimya kando ya chungu chake. Nolasco alichomoa usukani, akasimama nao, hajui auweke wapi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa kaka yake, alimtazama shemeji yake bila ubishi machoni.

"Mwakani nitafungua mwenyewe," alisema. "Siku tatu, hata nne. Hutaniomba."

"Mwakani," Kokwijuka alisema, "apande bondeni samaki gani?"

Nolasco aliuweka usukani chini, kwenye matope, na mvua ilikuwa imekatika.