Mjumbe wa Ndithini

Mkutano wa Muungano wa Maji ulikuwa uanze asubuhi na mapema katika ukumbi wa kanisa pale Kithyoko, lakini ulianza chai ilipofika. Zaituni, mwenye hoteli na mjumbe wa wafanyabiashara, aliileta mwenyewe. Mwenyekiti Kaloki alikuwa akimimina kikombe cha pili Ndunda alipoingia, akapangusa miguu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha kijiji cha Ndithini.

Ndunda alikuwa amezikwa kabla ya Pasaka. Shimo alilokuwa akichimba kwenye mchanga wa mto mkavu, akitafuta maji, lilimfukia. Mchanga ulikuwa bado nyweleni, na kila alipogeuza shingo ulimwagika kidogo kwenye shati.

"Habari zenu," alisema.

"Mzuri," walijibu. Zaituni akamtilia chai.

Pauline, mjumbe wa kijiji cha Kivaa na pia katibu, alieleza kwamba Ndithini haijachagua mjumbe mwingine, kwa hiyo kiti ni chake bado. Hakuna aliyepinga.

Jambo lilikuwa moja. Wafadhili walitoa pesa za kisima kimoja cha mashine, na muungano haukuwa na desturi ya kura: ama wajumbe wote wakubaliane mahali, ama pesa zirudi. Kivaa walishakubali kichimbwe sokoni Kithyoko, kwa ahadi ya kuvutiwa bomba. Kaloki alikuwa wa Kithyoko. Mlango wake ulitazamana na kiwanja kilichopimwa.

"Mimi sikubali," Ndunda alisema kwa upole. "Sisi tunachimba mchangani bado."

"Ndugu yangu, soko liko na watu wengi," Zaituni alisema. "Hata watu wa Ndithini huja kuuza hapa."

"Huja na kiu."

Kaloki aliweka kikombe chini. Mwaka uliopita, pesa zilipokwenda kwa vyoo vya soko, ni yeye aliyemtoa Ndunda nje, akamwekea mkono begani, akamwambia akubali tu, mwaka ujao ni wao. Ndunda aliamini, akarudi nyumbani kuchimba. Kwenye mazishi, Kaloki alisimama akasema Mungu alimpenda zaidi.

"Mwenyekiti, ongea naye," Pauline alisema. "Ni wewe humweza."

Wakatoka nyuma ya ukumbi. Kaloki alimwekea mkono begani, na shati lenye mchanga mbichi likamlowesha kiganja. Alikuwa amekusudia kuomba msamaha. Kilichotoka ni, "Kubali tu, ndugu. Pesa zikirudi tutakosa sote. Mwaka ujao ni nyinyi."

Ndunda alimtazama bila hasira. "Mwaka jana nilikuwa na haraka," alisema. "Sasa sina."

Akarudi ndani, akakubali. Walipiga makofi, na Pauline akamshukuru kwa ukomavu wake.

Kisima kilichimbwa, maji yakatoka matamu. Wageni wa Kaloki waliyasifu. Yeye mwenyewe hayakumpita kooni. Mwishowe alivuka kwenda Ndithini kumwona Mwelu, mjane wa Ndunda. Alimkuta mtoni, ndani ya shimo, kitambaa chake cha kichwa tu kikionekana. Ndunda alikuwa ameketi ukingoni akivuta ndoo.

"Mwaitu, mama, nimekuja kukupa pole," Kaloki alisema.

"Pole ya nini tena?" sauti ilitoka chini. "Si ulisema kwa mazishi?"

"Pole ya mkutano."

Ndoo ilipanda, nusu yake tope.

"Huyu siku hizi anachoka mapema," Mwelu alisema. "Shika kamba."

Kaloki alivua viatu, akashika. Alivuta mpaka mitungi ya punda ikajaa na viganja vikachubuka. Ukuta wa shimo ulimeguka kidogo juu ya kichwa cha Mwelu. Kaloki aliuona. Simu ikalia: ni Zaituni, akisema watu wanagombana kwenye foleni ya maji sokoni na mwenyekiti anahitajika.

"Na huo mwaka ujao?" Mwelu aliuliza kutoka shimoni.

Kaloki aliikung'uta miguu yake, akavaa viatu.

"Tutakaa, tukubaliane," alisema.

Ndunda akaitikia kwa kichwa, kama mjumbe mwenzake, akaichukua kamba na kuteremsha ndoo.