Nyuma ya Nyumba Ipi

Mwanangu Festo alipomleta mkewe Eustadia kutoka Burundi, hapa kwetu Ulyankulu mabani ya kukaushia tumbaku yalikuwa yanafuka moshi, kijiji kizima kinanuka. Binti akashuka kwenye pikipiki, akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza, "Milima iko wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ukitaka mlima, panda kichuguu."

Hakucheka. Chakula akawa anaonja tu, maji ya kisima anasema yana kutu, na kila jioni yuko kwenye simu na mama yake anamwambia atarudi. Nilimwelewa. Na mimi nililetwa hapa mwaka sabini na mbili, mtoto wa kushika nguo ya mama, tukikimbia mauaji huko huko Burundi. Lakini nilitaka sana akae. Basi siku moja tunamenya mihogo, nikamtegea kitendawili kwa Kirundi kama walivyotegeana bibi zetu. "Sokwe."

Akainua uso. "Niruze."

"Mzigo nimeubeba tangu kuzaliwa, shingo haichoki."

"Nywele. Ila wako, mama, naona umeshapungua."

Ndiyo siku ya kwanza tulicheka pamoja.

Akajifungua mtoto wa kiume, tukamwita Silasi. Homa ikamchukua kabla hajamaliza mwezi.

Kwetu mtoto ambaye hajaota meno hapelekwi makaburini. Anazikwa nyuma ya nyumba, asiwe mbali na mama yake. Festo akachukua jembe. Eustadia alikuwa mkekani, mtoto kamfunga mgongoni kwa kitenge kama aliyelala tu. Akasema, "Nyuma ya nyumba ipi? Nyumba yetu iko Burundi. Nampeleka."

"Eusta, ni siku mbili barabarani," Festo akamwambia. "Na jua hili."

"Nitatembea."

Nikamwomba Festo atupishe. Nikamshika mkamwana wangu mkono, tukaenda taratibu hadi nyuma ya jiko langu, penye migomba.

"Hapa yupo wifi yako," nikamwambia. "Naye hakuwa na meno. Kaka zangu waliporudi Burundi, mizigo yangu ilikuwa imeshafungwa. Lori likapiga honi, nikashindwa kupanda. Angebaki na nani?"

Akapatazama mahali pale muda mrefu. "Kwa hiyo nikimzika hapa, sirudi tena."

Nilitamani kumdanganya. Nikasema, "Mimi sikurudi."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipakatisha. Festo alikuwa ameanza kuchimba kule kwenye uzio. Eustadia akamnyang'anya jembe.

"Huko mbali," alisema, na akaanza kuchimba chini ya dirisha la chumba wanacholala.

Ni mimi niliyekuwa nikimwomba Mungu binti huyu akae. Nilisimama pale na mjukuu wangu mikononi, na sala hata moja haikunijia.