Taa za Kyule

Ukitaka kujua nani amemkasirikia nani hapa Sultan Hamud, kaa kwa hoteli ya Nthenya uagize chai. Sisi wateja tulijua wivu wa Nzomo kabla hajaujua mwenyewe.

Nzomo na Kyule walifunzwa gari pamoja, wakapata leseni pamoja, na mzee Kusow, yule wa biashara ya mbuzi, akawaandika kazi wote wawili. Shida ikaanza na magari. Kyule alipewa pikapu mpya, nyeupe, taa kali kama za uwanja wa mpira. Nzomo akapewa ile kuukuu ambayo mlango wake unafungwa na kamba.

"Kwani Kyule ananishinda nini?" Nzomo akauliza siku moja.

"Anaoga," Nthenya akamjibu, na hoteli nzima ikacheka.

Kicheko hicho kilimchoma, maana Nthenya mwenyewe ndiye alikuwa shida ya pili. Chapati ya Kyule ilikuwa inafunikwa na sahani isipoe. Ya Nzomo, mama yangu, hata nzi walikuwa wanaionja kwanza.

Kitu kimoja tu kiliwalinganisha: mguu mzito. Mwaka wa kwanza wa leseni haujaisha, na kila mmoja alikuwa ameshafikishwa kortini mara mbili kwa spidi. Hakimu akawaambia waziwazi kwamba wakirudi mara ya tatu, leseni wataiacha hapo mezani. Mzee Kusow naye akaongeza lake: "Dereva bila leseni, kwangu ni mchungaji."

Sasa, Jumanne moja Nzomo alikuwa anarudi kutoka Kiboko, gari tupu, anaenda polepole. Akawaona askari wa trafiki nyuma ya miti, mmoja ameinua ile mashine ya kupima spidi. Akawapita kwa heshima.

Barabara hii ina adabu yake. Ukiona askari, unawapigia taa wale unaopishana nao, wapunguze. Nzomo akawapigia malori. Akapigia basi. Akapigia hata jamaa wa gari la probox aliyemtukana juzi.

Halafu akaiona pikapu nyeupe inakuja mbio. Kando ya Kyule alikaa Nthenya, kitambaa chake chekundu kichwani, anacheka mpaka meno ya nyuma.

Mkono wa Nzomo ulikuwa tayari kwa taa. Akautoa. Akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani.

Lakini Kyule akamwashia zake. Paa! Paa! Akatoa na mkono dirishani, anaupunga chini.

"Ananiringia!" Nzomo akafoka peke yake. "Na hizo taa zake, mbele ya huyo msichana!"

Akakanyaga mafuta. Ile pikapu kuukuu, ambayo hata mlima mdogo ilikuwa inaukataa, siku hiyo ikapata miguu. Ilikuwa bado inanguruma alipokata kona na kukutana na askari wengine, nao wana mashine yao.

Jioni walikutana kwa benchi la kituo cha polisi, yeye na Kyule.

"Si nilikupigia taa, ndugu yangu?" Kyule akasema. "Nikakuonyesha na mkono, punguza!"

"Nilifikiri unaringa."

 Kyule akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unatoka upande wa wale walionishika. Hukuwaona?"

Nzomo akaangalia viatu vyake. Kyule hakuuliza tena, wala hakumsemesha tena.

Leseni zilibaki kortini, zote mbili. Pikapu nyeupe sasa inaendeshwa na Intisar, mpwa wa mzee Kusow, polepole mpaka mbuzi wanasinzia ndani. Nthenya bado anapanda mbele.

Juzi pikapu hiyo iliwapata Nzomo na Kyule barabarani na fimbo zao, wanapeleka kundi la mzee sokoni, mmoja mbele, mwingine nyuma. Intisar akawasha taa. Paa! Paa!

"Umeona?" Nzomo akasema, macho yakiwa kwa kile kitambaa chekundu. "Hata huyu anaringa!"

Ndipo Kyule akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu kituoni.

"Toa mbuzi barabarani, wewe."