Karata Niliyoipaka Mate

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, mvua imetufungia ndani ya chumba chetu pale Kalangalala. Mke wangu, Paskalia, akatandika mkeka, akamwaga karanga za kukaanga, akatoa karata. Anapika kwenye kambi ya mgodi, na huko wapishi wenzake, wakisubiri maharage yaive, walimfundisha poka.

"Leo nakufundisha, Baba Aneth. Ukiishiwa karanga, kesho tunakwenda kupima kifua chako. Nikiishiwa mimi, sikitaji tena hicho kikohozi mpaka Pasaka."

Nilikubali haraka. Miaka kumi na tano nashuka duarani kuchimba dhahabu, nimefukiwa na kifusi mara mbili, nimeuziwa pikipiki isiyo na injini. Mwanamke wa Kishapu na karata zake angenifanya nini? Na kikohozi chenyewe nilikuwa nakiita vumbi.

"Kila mtu karata tano, usinionyeshe," alianza. "Mbili zinazofanana ni jozi. Jozi mbili zinaishinda moja, tatu zinazofanana zinazishinda hizo. Halafu tano zinazofuatana. Halafu tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu. Halafu tatu zinazofanana zikiwa na jozi."

"Na nne zinazofanana?"

"Hizo ukizipata nitamwita padri."

Kabla ya kugawa, kila mtu anaweka karanga moja. Karata usizozitaka unabadilisha mara moja. Kisha mnaweka karanga katikati. Mwenzako akiongeza, unamfuata, unamzidi, au unajitoa. Ukijitoa, ulizoweka zimekwenda, na karata za mwenzako huonyeshwi.

"Hata kama huna kitu?"

"Hata kama nimeshika takataka."

Raundi ya kwanza nikapata malkia watatu. Nikasukuma karanga tano kwa utulivu wa askofu. Akajitoa. Ya tatu nikapata kopa tupu. Akajitoa tena. Nikaanza kumwonea huruma.

"Mama Aneth, huu mchezo umekupita."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Akaweka kiganja mgongoni mwangu, akakiacha hapo mpaka kilipopita, akanisogezea chai. Akagawa karata.

Ajabu ni kwamba kila nilipopata karata za maana nilivuna karanga moja mbili. Nilipopata za wasiwasi, zilikwenda kumi. Mwishowe nikabaki na nane mbele yangu, na mkononi jozi ya saba. Paskalia akazitazama zake, akanitazama mimi, akasukuma rundo lake lote katikati.

Nilifikiri sana. Mvua ikapungua bado nafikiri. Nikasema bora nijitoe, nizilinde hizi nane kwa raundi inayofuata.

"Najitoa."

"Haya, weka ya raundi mpya."

Nikapapasa mkeka. Hakuna kitu. Wakati kichwa kinafikiri, mkono ulikuwa unatembea kwenda mdomoni. Nilikuwa nimekula mtaji wote.

"Nionyeshe ulichoshika," nikamwambia.

"Yaya," akajibu, hapana ya kwao Kishapu, isiyo na rufaa. Kisha akaniangalia usoni, akalainika, akazilaza moja moja: mbili, nne, sita, tisa, jeki. Hazina hata undugu. Jozi yangu ya saba ingezilaza zote.

"Ulijuaje kama nitaogopa?"

"Ukipata nzuri unalamba kidole gumba, unaipaka karata mate. Hii hukuipaka."

Nikaona aibu. Duarani tunalilowesha jiwe kwa mate ili dhahabu ing'ae, lakini sikujua ulimi wangu unafanya kazi hata Jumapili.

Nikapandisha sauti kidogo, maana sikuwa na kingine cha kupandisha. Nikamwambia huo si mchezo, ni uongo. Kwamba mke wa ndoa ya kanisani, aliyetoka kukomunika asubuhi hiyo, hawezi kumkazia macho mumewe na mkononi hana kitu, na kwa hiyo mapatano yamevunjika na kesho mimi nakwenda duarani kama kawaida.

Paskalia alikuwa anakusanya karata. Akatoa kitambaa changu chini ya mto, kile nilichodhani nimekificha, chenye doa jekundu, akakiweka juu ya mkeka kati yetu.

"Mimi nimekudanganya dakika tano, Baba Aneth. Wewe una miezi minane. Kesho saa moja, vaa lile shati la bluu."